Mawe ya Engaruka Yatuhusu Sisi

Kila mwanafunzi aliyepita madarasa ya historia katika nchi yetu amepata kuliandika neno Engaruka katika daftari lake. Huliandika katika orodha ya mahali palipokuwa na kilimo cha umwagiliaji zamani, mwalimu hulitia alama ya vema, na mtihani ukiisha neno hilo husahauliwa pamoja na mengine. Mwanafunzi wa Mtwara au wa Kigoma akifanya hivyo asilaumiwe, kwa maana kwake Engaruka ni mbali. Lakini sisi wa Endabash tutajitetea kwa neno gani? Mtu akiondoka Karatu asubuhi, akateremka ukuta wa Bonde la Ufa hadi Mto wa Mbu, kisha akafuata njia ya kaskazini chini ya milima kwa kadiri ya kilomita 60, atafika Engaruka kabla ya adhuhuri, na jioni aweza kuwa amerudi kwao.

Nia yangu si kuwafundisha wasomaji wa gazeti hili historia ambayo walimu wetu waijua kunipita. Nataka kutoa hoja moja tu. Nasema kwamba mawe ya Engaruka ni kitabu cha kilimo kilichoandikwa na watu wa kwetu, kwa ajili ya nchi kama hii ya kwetu, na kwamba ni hasara kubwa kukiacha kitabu hicho bila kukifungua, hasa wakati huu ambapo udongo wa mashamba yetu unakwenda na maji kila masika.

Tuanze na mahali penyewe. Engaruka iko katika Wilaya ya Monduli, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, kati ya Ziwa Manyara na Ziwa Natron. Upande wa magharibi imeinuka milima ya Ngorongoro; upande wa mashariki ni tambarare kavu yenye vumbi na magadi. Mvua ya tambarare ile haitoshi kuotesha hata mtama kwa uhakika. Hata hivyo, tangu karne ya 15 hadi karne ya 18, watu walikaa pale wakalima eneo la hekta zipatazo 2,000. Tegemeo lao lilikuwa maji ya milimani. Mito iliyotoka katika makorongo ya ukuta ule waliikinga mahali pa juu, wakayaongoza maji kwa mifereji iliyopita ubavuni mwa mlima, kisha wakayashusha shambani na kuyagawa. Mfereji mkubwa ulizaa midogo, na midogo ikazaa midogo zaidi, hata kila kipande cha shamba kikapata fungu lake.

Juu ya mashamba, katika mteremko wenyewe, walijenga vijiji vyao. Vijiji vikubwa vilikuwa saba. Kwa kuwa mteremko hauna mahali pa kulaza nyumba, waliukata na kuusawazisha kama ngazi, na kila daraja ikashikiliwa na ukuta wa mawe. Mawe hayo yalipangwa bila chokaa wala saruji, jiwe likishika jiwe, na mengine yamesimama hata leo. Wasomaji waangalie busara iliyomo humo: watu wale hawakujenga nyumba juu ya udongo mzuri. Penye mawe na mwinuko walilaza vichwa vyao, na penye udongo walilaza mbegu.

Ndani ya mashamba nako kuna mambo ya kutazama. Iko mistari ya mawe iliyogawa vipande, kimoja kando ya kingine. Yako marundo ya mawe yaliyookotwa kwa mikono ili jembe lipate njia. Ziko kuta za mviringo zilizozunguka mazizi. Wachimbaji wamepata punje za mtama zilizoungua, mifupa ya ng'ombe, mbuzi na kondoo, vigae vya vyungu, dalili za kazi ya chuma, na shanga chache zilizotoka mbali. Hakuna jumba la mfalme. Kazi kubwa kuliko zote iliyojengwa pale ni shamba.

Lakini jambo linalonistaajabisha kuliko yote ni habari ya udongo. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba mifereji ile ilileta maji tu. Miaka ya karibuni wataalamu, wakiwamo Daryl Stump na Carol Lang wa Chuo Kikuu cha York cha Uingereza, walichimba mahandaki katika mashamba yale na kuuchunguza udongo tabaka kwa tabaka. Waliyoyaona ni kwamba sehemu ya mashamba yale haikuwapo tangu asili. Wakulima walipanga mawe kuukinga mto uliojaa tope, maji yakapunguza mwendo, tope likatua, shamba likainuka kidogo. Mwaka uliofuata wakaongeza mstari wa mawe, tope likatua tena. Kwa njia hiyo waliuteka udongo uliokuwa ukipita, wakauweka, wakaulima. Sisi tunauona mto wenye maji mekundu tunasema, "Mvua imekuwa kubwa." Wao waliuona mto wa namna hiyo wakasema, "Shamba linapita, tulikamate."

Habari za magofu haya ziliandikwa kwanza na msafiri wa Kijerumani, Dokta Fischer, aliyepita huko mwaka 1883. Mwaka 1913 alifika Hans Reck, na mwaka 1935 akafika Louis Leakey. Leakey alikadiria kuwa palikuwa na nyumba zaidi ya 6,000, na watu kati ya 30,000 na 40,000. Hesabu hiyo ilienea sana, na vitabu vingi vikauita Engaruka mji mkubwa. Baadaye Hamo Sassoon, aliyekuwa mkuu wa Idara ya Mambo ya Kale ya nchi yetu, alichimba mwaka 1964 na mwaka 1966, na baada yake John Sutton na wengine wakaendelea. Hao waliona kwamba si kila duara la mawe lilikuwa nyumba, wala nyumba zote hazikukaliwa wakati mmoja. Leo hesabu ya watu imeshuka hata kufikia elfu chache.

Wako wanaosikitika wakisikia hesabu imeshuka, kana kwamba babu zetu wamenyang'anywa mji. Mimi sioni sababu ya kusikitika. Ikiwa watu elfu chache, kwa majembe na mikono, waliweza kutengeneza hekta 2,000 za namna ile na kuzitunza kizazi baada ya kizazi, basi sifa yao imezidi, haikupungua. Tena hapo liko somo kwetu wanafunzi: elimu ya mambo ya kale haiendi kwa kupenda, huenda kwa ushahidi. Hata mtu mashuhuri kama Leakey hesabu yake ilisahihishwa, na jina lake halikuharibika.

Swali linaloulizwa mara kwa mara ni hili: watu wale walikuwa nani? Wako wataalamu waliowataja Wairaqw, wako waliowataja Wasonjo, na wako waliowataja Wadatoga. Hawajapatana mpaka leo. Zamani wako waandishi waliotafuta wajenzi kutoka nchi za mbali, maana hawakuamini kwamba wakulima wa bara hili waliweza kuongoza maji kwa kadiri ile. Maneno hayo hayana nguvu tena, kwa kuwa vyungu, nafaka na kazi yenyewe vyaonyesha kwamba Engaruka ni kazi ya watu wa nchi hizi. Wasonjo wa Wilaya ya Ngorongoro wanamwagilia mashamba yao kwa mifereji tangu kale, wakiwa na utaratibu wa wazee wa kugawa maji. Wachaga wanayo mifongo yao Kilimanjaro. Wamarakwet wa Kenya wanayo mifereji inayoteremka ukuta wa Bonde la Ufa kama ule wa Engaruka. Kazi hii basi ilikuwa elimu ya nchi hizi, iliyojulikana mahali pengi.

Hivyo sipendi tugombee mawe yale, huyu akisema ni ya kabila lake na yule akisema ni ya kwake. Katika shule yetu wamo Wairaqw, Wadatoga, Wamasai, Wachaga na wengine, na kila mmoja anaweza kwenda nyumbani akaulizie jambo lililo karibu na lile la Engaruka. Kwa Wairaqw iko nchi ya Mama Isara, katika milima ya Mbulu, ambako wazee wetu wengi walitoka kabla ya kuja Karatu. Huko watu walikaa wengi katika nchi ndogo yenye miteremko mikali, na hawakuimaliza. Ng'ombe walilala nyumbani, samadi ikapelekwa shambani. Palichimbwa matuta na mitaro ya kukinga maji ya mvua yasichukue udongo. Nyasi zilifukiwa zioze ziwe mbolea. Bondeni palilimwa kwa mpango ili unyevu usipotee. Mtafiti mmoja kutoka Sweden, Lowe Börjeson, aliandika kitabu kizima juu ya kilimo hicho, kikatoka mwaka 2004. Mtu wa Ulaya amesafiri hadi Mbulu kujifunza kazi ya babu zetu. Na sisi tulio wajukuu, nani kati yetu amepata kumwuliza babu yake kwa nini mtaro ulikatwa pale na si hapa?

Si sisi peke yetu duniani wenye urithi wa namna hii. Katika nchi ya Oman, ambako ndugu zetu wengi wa pwani na wa Unguja wana jamaa zao wanaosema Kiswahili, uko mlima uitwao Jabal Akhdar. Juu ya mlima ule, katika nchi kavu kuliko ya kwetu, viko vijiji vya wakulima vilivyopanga ngazi za mawe ubavuni mwa makorongo, wakaotesha makomamanga, mawaridi na nafaka. Maji yao huja kwa mifereji iitwayo aflaji, mingine ikipita chini ya ardhi, na mgawo wake ulipimwa kwa saa: mchana kwa kivuli cha jua, usiku kwa nyota. Mwaka 2006 mifereji mitano ya namna hiyo iliandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia. Yemen nayo ina milima mizima iliyokatwa ngazi kwa ajili ya mtama na kahawa. Wachimbuzi wa mambo ya kale wa huko hawatafuti misikiti ya zamani na ngome peke yake. Huchunguza pia kuta za mashamba, visima na njia za maji, maana wametambua kwamba mtu hakuishi kwa ngome, aliishi kwa chakula. Huko baadhi ya vijiji vimekwisha kuhamwa, na ukuta wa ngazi usiotunzwa miaka michache tu huporomoka, na udongo wa miaka mingi ukashuka korongoni. Kwa hiyo wanakimbilia kuandika habari zake wakati wazee wenye kujua wangali hai.

Sasa nirudi Endabash. Haihitaji mtaalamu kuona hali ya udongo wetu. Kila mwanafunzi anayetembea kwa miguu kuja shuleni huvuka korongo, na wengi wetu twajua makorongo ambayo wazazi wetu waliyaruka kwa hatua moja walipokuwa watoto, na leo gari haliwezi kuyavuka. Maji ya mvua yanayoshuka katika mashamba na malisho huteremka kwa nguvu, yakichukua udongo wa juu ulio na rutuba. Sehemu ya maji hayo huishia Ziwa Manyara upande mmoja, na nyingine Ziwa Eyasi upande wa pili. Udongo ukifika ziwani haurudi. Mkulima aliyepata magunia mengi ya mahindi na maharage hapo zamani hupata machache katika shamba lile lile, kisha husema mbegu ni mbaya. Pengine mbegu si mbaya. Pengine shamba limehama, naye amebaki na mahali pake.

Najua kwamba neno la matuta halipendwi na kila mtu, na sababu yake ni ya kihistoria. Wakati wa ukoloni Serikali iliwalazimisha watu wa milimani kuchimba matuta kwa amri na kwa faini. Ulugurini mwaka 1955 jambo hilo lilileta ghasia, mtu mmoja akafa, na mpango wenyewe ukavunjika. Usambara nako watu walikataa. Tangu hapo mtu akitaja matuta, wazee wengine hukumbuka fimbo. Lakini ndiyo maana nasema Engaruka inatufaa kuliko kitabu cha bwana shamba yeyote. Kule hapakuwa na mkoloni. Hakuna aliyetoza faini. Watu walipanga mawe kwa kuwa waliona kwa macho yao kwamba ukuta wa mawe huzaa chakula, wakapatana wenyewe nani atasafisha mfereji, nani atapata maji leo na nani kesho. Ubaya wa matuta ya mkoloni ulikuwa katika amri iliyoyaleta, na katika kutowauliza wenye nchi. Tusiuchukie ukuta kwa sababu ya aliyeshika fimbo.

Hapa naweza kusikia mtu akisema: "Lakini hao unaowasifu walishindwa! Kama walikuwa na akili hivyo, mbona Engaruka ni magofu?" Hoja hii ni nzuri, na haifai kuikwepa. Ni kweli watu waliondoka. Wataalamu wametoa sababu mbalimbali: kwamba mito ilipungua, kwa maana leo Mto Engaruka hutiririka mwaka mzima, lakini vijito vingine vilivyomwagilia mashamba ya kale hukauka, kwamba udongo ulichoka, kwamba wafugaji Wamasai waliingia bondeni na maisha yakawa magumu kwa mkulima. Huenda zote zilikuwapo pamoja. Lakini tuhesabu miaka. Engaruka ilidumu kadiri ya miaka 300. Mashamba mengi ya Karatu yalifunguliwa katika karne ya 20, na mengi yake hayajafikia hata nusu ya umri huo, nayo yamekwisha kukatwa na makorongo. Aliyeendesha miaka 300 kisha akasimama, na aliyechoka kabla ya 100, nani ana haki ya kumwita mwenzake aliyeshindwa?

Tena, kuondoka kwao ni sehemu ya somo. Kama mito ilipungua, basi yafaa tuulize nini hufanya mto upungue, na jibu latuelekeza kwenye misitu ya milimani. Sisi tunao msitu wa Marang juu yetu, na msitu wa Ngorongoro kaskazini. Chemchemi za Mang'ola, zinazootesha vitunguu vinavyouzwa hata nje ya nchi, nazo zina wakulima wengi wanaozigombea kila kiangazi. Aliyeiona Engaruka, akasimama juu ya mfereji usio na maji tangu miaka 200 na zaidi, hahitaji kuhubiriwa sana juu ya kutunza msitu.

Wako wazazi watakaosema kwamba mtoto ametumwa shuleni kusoma hesabu na sayansi ili apate kazi, si kutazama mawe. Nawaheshimu sana wazazi wetu, na najua jasho linalolipa sare na daftari zetu. Lakini nauliza: je, mawe yale si sayansi? Mfereji unaopita ubavuni mwa mlima ukiwa mwinamo wake mkali, maji hukimbia na kubomoa. Ukiwa hauna mwinamo, maji husimama na tope hujaa. Kupata mwinamo ufaao bila chombo cha kupimia ni fizikia iliyo hai. Kutambua udongo kwa tabaka ni jiografia na kemia. Kukadiria watu kwa kuhesabu nyumba ni hesabu, na tumeona kwamba hata wakubwa walikosana katika hesabu hiyo. Tena si wanafunzi wote watakaopata kazi za mjini. Wengi wetu, tupende tusipende, tutarudi shambani, na shamba ndilo tutakalolirithi. Afadhali turithi shamba kuliko kurithi korongo.

Jambo jingine la kusikitisha ni hili. Tunaishi kando ya barabara wanayopita wageni kutoka pande zote za dunia. Hupita Karatu kwenda kutazama wanyama wa Ngorongoro, na wengine hufika Olduvai, ambako Mary Leakey aliliona fuvu la Zinjanthropus mwaka 1959, au husikia habari za nyayo za Laetoli zilizogunduliwa katika miaka ya 1970. Hayo ni mambo makubwa, nasi twajivunia. Lakini mtu akiondoka na hayo tu, huenda akadhani kwamba katika nchi hii palikuwa na wanyama, na mifupa ya watu wa kale mno, kisha pasiwe na kitu tena mpaka lami ilipokuja. Katikati hapo wako wakulima, nao ndio baba zetu wa karibu. Mwaka 2018 UNESCO ilitambua eneo la Ngorongoro Lengai kuwa Jiopaki ya dunia, eneo linaloingia wilaya za Karatu, Ngorongoro na Monduli, na magofu ya Engaruka yamo ndani yake. Heshima hiyo imekuja. Swali ni kama sisi wenyewe tutaijaza maana yake.

Na wakati haungoji. Magofu yale ni mawe makavu yasiyo na saruji. Ng'ombe akipanda ukuta, unabomoka. Kilimo cha leo kimeingia katika sehemu ya mashamba ya kale, maana maji ya Mto Engaruka yanahitajiwa na watu walio hai, nao wana haki ya kula. Siwalaumu hata kidogo. Mkulima anayechukua jiwe la kale kujengea zizi hafanyi kwa uovu. Hakuna aliyemwambia jiwe lile ni nini. Iko sheria ya mambo ya kale ya mwaka 1964 inayolinda mahali pa namna hii, lakini sheria iliyo kabatini haiwezi kusimama mbele ya jembe. Kinacholinda mawe ni watu wa hapo kuyajua na kupata faida kwayo.

Basi, baada ya kusema mengi, naomba nitoe mapendekezo yangu mbele ya Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzangu.

Kwanza, kila mwaka wanafunzi wa kidato kimoja wapelekwe Engaruka, wakiongozwa na mtu wa pale, nao wasiende kama watalii. Waende na kamba, daftari na penseli. Wapime ukuta mmoja, wachore mfereji mmoja, wahesabu ngazi katika kijiji kimoja, kisha matokeo yachapwe katika gazeti hili. Gharama ya gari itafutwe kwa kuuza sehemu ya mavuno ya shamba la shule, wala wazazi wasiongezewe mchango. Na jiwe lisiondolewe hata moja.

Pili, pawe na chama cha mambo ya kale hapa shuleni. Kazi yake ya kwanza iwe kuandika ya kwetu: majina ya vijito na chemchemi za Endabash, Buger na Kansay, mahali palipokuwa na matuta ya wazee, jinsi maji yalivyogawanywa, na ni nani aliyeamua ugomvi wa maji. Kila mwanachama amwendee babu au bibi yake likizo ijayo, amsalimie kwa adabu, amsaidie kazi, ndipo aulize. Mali bila daftari huisha bila habari, na wazee wetu ndio mali yenyewe.

Tatu, na hili ndilo kubwa, tujaribu kwa mikono yetu. Tuchague sehemu moja ya shamba la shule yenye mteremko. Nusu yake tuipangie mistari ya mawe kukingama mteremko kwa namna ya Engaruka, na kuiwekea samadi kwa namna ya Mama Isara. Nusu ya pili tuilime kama kawaida. Tupande mbegu moja, siku moja, na tupime mavuno kwa debe misimu mitatu mfululizo. Kama mistari ya mawe haikufaa kitu, tutaandika hivyo waziwazi, na makala haya yatahesabiwa kuwa maneno matupu. Kama imefaa, basi wazazi watakaokuja siku ya mkutano wa shule hawatahitaji kuhutubiwa na mtu yeyote. Watatembea shambani, wataona wenyewe, kama watu wa Engaruka walivyoona.

Mawe yapo tele katika miteremko yetu, na kila masika tope hupita mbele ya macho yetu. Lililobaki ni sisi kuinama na kuanza kupanga, kabla mvua ijayo haijafika.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu